Dashibodi ya Jaguar Mark 2 Iliyotoka Mombasa: Uchambuzi wa Kisa cha Ukarabati wa Mbao

Gari linalozungumziwa hapa ni Jaguar Mark 2 la mwaka 1962, lenye injini ya lita 3.4 na usukani wa kulia. Liliishi miaka mingi Mombasa, upande wa Nyali, kabla ya kurithiwa na binti wa mwenyewe na kupandishwa Nairobi, ambako lilikaa kwanza kwenye maegesho ya wazi na baadaye katika gereji yenye paa. Injini, breki na chuma vilikuwa vimeshughulikiwa kwingine. Kilicholetwa kwangu ni mbao za mbele peke yake, yaani ubao unaobeba geji kubwa mbele ya dereva, mlango wa kikabati cha upande wa abiria, na ubao mrefu wa juu unaopita chini ya kioo cha mbele kutoka pembe moja hadi nyingine.

Mark 2 lilitengenezwa katika kiwanda cha Browns Lane, mjini Coventry, kuanzia mwishoni mwa 1959 hadi 1967, na yaliyotoka pale yalizidi 80,000. Asiyelifahamu hudhani dashibodi yake yote ni mbao, lakini sehemu ya katikati, yenye geji ndogo za umeme, mafuta, shinikizo la oili na joto la maji, pamoja na ule mstari wa swichi, ni bamba la chuma lililovikwa ngozi bandia nyeusi. Bamba hilo hushikwa na skrubu mbili za kuzungushwa kwa vidole upande wa juu, na zikifunguliwa huinama mbele likaonyesha fyuzi na nyaya zote. Ni ubunifu wa kupendeza, na kwa fundi wa mbao ndio mlango wa kuingilia kazini.

Mbao zenyewe nazo si mjozi (walnut) mtupu. Ni vinia ya mjozi, ngozi ya mbao isiyofika unene wa milimita moja, iliyogandishwa kwa gundi juu ya plaiwudi au ubao wa kawaida na kufunikwa kwa laka. Kwa hiyo kutoka nyuma hadi kwenye jicho la mtazamaji kuna matabaka manne, yaani msingi, gundi, vinia na laka, na kila kasoro inayoonekana ni lazima ipewe tabaka lake kabla ya mtu kushika msasa. Kisa hiki kilistahili kuandikwa kwa sababu matabaka yote manne yalikuwa yameguswa, kila moja kwa sababu yake, na lile lililotisha zaidi kwa macho ndilo lililokuwa na shida ndogo kuliko yote.

Lililotisha ni laka. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nayo ilikuwa na nyufa nyembamba zilizokata nyuzi za mbao mshazari na kuvuka kutoka ukingo hadi ukingo. Juu yake fundi fulani wa zamani alikuwa amepaka polyurethane, yaani laka ya plastiki, kwa brashi bila kuondoa kilichokuwa chini, hata unywele wa brashi ulikuwa bado umenaswa karibu na tundu la spidomita. Palipokuwa na ufa, tabaka hilo la juu lilikuwa limeachia na kuacha hewa ndani, ndiyo maana sehemu ya chini ya ubao wa dereva ilionekana kama imemwagiwa maziwa. Mwenye gari aliamini kwamba mbao imeoza. Haikuwa imeoza. Laka ya selulosi, ambayo ndiyo iliyotumika sana katika magari ya Uingereza ya miaka ile, hupoteza taratibu vile viambato vinavyoifanya iweze kujikunja, na ikishakuwa ngumu hivyo haiwezi tena kufuata mbao inapotanuka na kusinyaa. Inapasuka yenyewe, huku vinia iliyo chini yake ikiwa nzima.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kona ndogo ya chini ya mlango wa kikabati, ambayo mwenyewe hakuwa ameiona. Kwa macho ilikuwa sawa. Ukiigonga kwa ukucha, ubao wote ulilia mlio mkavu wa kitu kigumu, ila hapo mlio ulibadilika ukawa mzito na wa uwazi, kumaanisha kwamba vinia ilikuwa imeachana na msingi wake na inashikiliwa na laka tu. Niliizungusha sehemu hiyo kwa chaki. Ubao wa juu ulikuwa na hali mbaya wazi wazi: umepauka ukawa kijivu, vinia yake imekunjamana upande unaoelekea kioo, na kwenye pembe ya kulia kulikuwa na doa jeusi lililotapakaa kuzunguka kichwa cha skrubu.

Maelezo ya haraka ambayo kila mtu aliyepita karakana alikuwa nayo ni kwamba gari lilizoea unyevu wa pwani na sasa limekaushwa na bara. Maelezo hayo yana ukweli nusu. Mbao inayokaa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 75 hadi 80 hutulia ikiwa na maji kiasi cha asilimia 14 hadi 16 ya uzito wake mkavu, na ikihamishiwa penye unyevu wa asilimia 50 hushuka hadi karibu 9. Kushuka huko husinyaza msingi na vinia kwa kukingama nyuzi, na gundi iliyochoka huachia. Lakini mbao hustahimili mabadiliko yanayokuja polepole. Kinachoiumiza ni kwenda na kurudi kila siku. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani hupandisha joto la dashibodi likapita nyuzi 60 za selsiasi, hewa ya ndani ikakauka mno, kisha usiku wa baridi wa Nairobi ukarudisha unyevu uleule. Ile miezi ya maegesho ya wazi, kwa maoni yangu, iliharibu kuliko miaka yote ya Nyali.

Doa jeusi lilikuwa na kisa chake, na hapo ndipo kazi ilipobidi isimame. Mjozi una tanini nyingi, kiambato cha asili cha mbao, na tanini ikikutana na chuma penye maji hutoa weusi unaokaribia wino. Kwa hiyo doa lile lilisema mambo matatu kwa pamoja: skrubu ina kutu, vinia imelowa, na maji bado yanaingia. Tulimweka kijana ndani ya gari na tochi, tukafungulia mpira wa maji juu ya kioo cha mbele, na haukupita muda akaona tone likijitokeza kwenye pembe ya kulia na kuteremka kwa nyuma ya nguzo. Raba ya kioo ilikuwa mpya, imewekwa na karakana iliyoshughulikia bodi, lakini kwenye pembe ile haikuwa imejazwa gundi ya kuzibia. Nilikataa kugusa ubao wa juu mpaka kioo kirudiwe, kwa sababu vinia mpya juu ya tundu la maji ni pesa iliyotupwa, hata ikipakwa laka ya namna gani.

Wakati gari limerudi kwa watu wa kioo, mbao zilibaki karakanani katika chumba chenye kivuli, zikiegeshwa kwa upande ili hewa izipitie nyuma na mbele, zikipimwa mara kwa mara kwa kipima unyevu. Ubao wa juu ulikuwa na maji mengi kwenye pembe ya kulia kuliko kwingine kote, kama ilivyotarajiwa. Hakuna aliyeupasha moto wala kuuweka juani ili uwahi. Mbao yenye unyevu tofauti ncha kwa ncha ikikaushwa kwa nguvu hujipinda, na ubao uliopinda haurudi kwenye skrubu zake.

Swali la mwenye gari lilikuwa la haki. Alisimama mbele ya mbao zile zilizovuliwa akauliza, “Fundi, si mbandue tu vinia yote mweke mpya tukamaliza?” Nikamjibu, “Mama, hiyo mpya itang'aa, lakini hili halitakuwa tena gari la mzee.” Halikuwa jibu la kumfariji. Vinia za gari la namna hii hukatwa kwa mfululizo kutoka gogo moja, karatasi moja juu ya nyingine, na zikipangwa kwenye dashibodi michoro ya upande wa dereva huitikiana na ile ya mlango wa kikabati. Ukibadilisha ubao mmoja, ule wa pili utaonekana mgeni, nawe utalazimika kubadilisha na huo, kisha mbao za milango, kisha meza ndogo za kukunja zilizo nyuma ya viti vya mbele. Anayeanza na kona moja hujikuta amevua gari zima. Na kwa magari ya umri huu, vinia ya asili iliyookolewa, hata ikiwa na kovu, huheshimiwa kuliko mpya isiyo na doa. Mama huyo alikuwa na nia ya kulipeleka gari kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yanayofanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na hofu yake ilikuwa kwamba waamuzi wangetaka mng'aro kama wa kioo. Mimi naona kwamba mng'aro uliopita kiasi ni kasoro pia: Mark 2 halikutoka Coventry likiwa na dashibodi inayofanana na piano.

Tulikubaliana kwamba ubao wa dereva na mlango wa kikabati vitabaki na vinia yao, na ubao wa juu, ambao vinia yake haikuwa na la kuokolewa, utavikwa upya.

Kuondoa laka kulifanywa kwa dawa ya kulainisha rangi na kikwaruzio cha chuma chembamba ambacho pembe zake zilikuwa zimeviringwa ili zisichimbe. Msasa haukuruhusiwa hatua hiyo. Vinia ya sehemu sita za kumi za milimita, ikiwa imeshapigwa msasa kiwandani na pengine na fundi mwingine baadaye, haina akiba. Mpigo mmoja wa kuzembea kwenye ukingo hutoboa hadi kwenye plaiwudi, na hapo hakuna dawa. Polyurethane ilinyanyuka kwa vipande vikubwa, selulosi ikafuata kama uji wa kahawia, na mabaki yakafutwa kwa thina. Maji hayakutumika kusuuzia, ingawa dawa nyingi huelekeza hivyo, kwa kuwa maji yangeingia chini ya ile kona iliyoachia.

Hapo ndipo mwenye gari alipostuka kwa mara ya pili. Ule ubao aliouzoea, wa rangi ya dhahabu iliyokolea, sasa ulikuwa umepauka, karibu na rangi ya mchanga, isipokuwa duara mbili nyembamba za hudhurungi nzito kuzunguka matundu ya spidomita na ya geji ya mizunguko ya injini, ile yenye saa ndogo chini yake. Duara hizo ndizo zilizokuwa zimefichwa na pete za kromu tangu kiwandani. Mbao nyingi zikipigwa na mwanga huwa nyeusi zaidi. Mjozi hufanya kinyume chake, hupauka. Laka ya selulosi nayo, kwa mwanga uleule, huwa ya manjano. Kwa hiyo rangi aliyoipenda tangu utotoni ilikuwa zao la makosa mawili yaliyosahihishana, mbao iliyofifia ikitazamwa kupitia laka iliyochakaa, na rangi ya kiwandani ilikuwa ile ya chini ya pete.

Kuna njia mbili hapo. Moja ni kusugua tabaka lililopauka mpaka rangi ya asili itokee, na kwa ubao mnene ndiyo ningeishauri. Hapa ingekula vinia iliyobaki. Nyingine ni kurudisha joto la rangi kwa dai, yaani rangi ya kutia mbao, iliyochanganywa hafifu mno, ikapakwa kwa kitambaa, na duara za pembeni mwa matundu zikawa ndicho kipimo cha kulinganishia. Tulichukua ya pili. Tulisimama kabla ya kufikia rangi ya duara, kwa sababu laka mpya yenyewe ingeikoleza mbao mara inapoilowesha, na itaendelea kuwa ya manjano miaka ijayo. Atakayepaka dai mpaka ilingane leo atakuwa na dashibodi nyeusi baadaye.

Kona iliyoachia ilidai kujua kwanza gundi. Gundi ya kale ya ngozi za wanyama hulainika kwa maji ya moto na joto la pasi, na mafundi wengi hujaribu pasi kwanza wakitumaini kwamba itashika tena. Tone la maji ya moto lililowekwa ukingoni halikuilainisha hata kidogo; ilibaki ngumu, angavu, ikivunjika kama kioo, dalili za gundi ya yurea, ambayo ikishaganda haiyeyuki tena. Pasi ingekausha vinia bure. Kwa hiyo gundi ya zamani ilikwanguliwa kidogo kidogo kwa wembe uliopitishwa ndani ya mwanya, vumbi likapulizwa nje, kisha gundi nyepesi ya epoksi ikaingizwa kwa sindano na kona ikabanwa kwa klampu kati ya vibao viwili vilivyofunikwa karatasi ya nailoni. Kipande kidogo cha ukingo kilikuwa kimeshapotea. Kiraka chake kilitoka kwenye meza ya kukunja iliyovunjika ya gari jingine la aina hiyo, kwa hiyo kilikuwa mjozi wa umri uleule, nacho kilikatwa kwa umbo la mtumbwi, ncha zake zikifuata nyuzi. Kiraka cha mraba huonekana kwa mbali hata kikiwa cha mbao ileile, kwa sababu jicho hukamata haraka mstari unaokata nyuzi moja kwa moja.

Doa jeusi la ubao wa juu lilikuwa limepenya vinia na kugusa msingi. Vinia iliondolewa yote, weusi uliobaki kwenye msingi ukafutwa kwa asidi ya oksaliki na kusuuzwa, ubao ukaachwa ukauke tena mpaka ncha zote mbili zikasoma sawa kwenye kipimo. Skrubu ya kutu ilibadilishwa kwa ya shaba nyeupe isiyoshika kutu. Vinia mpya ilichaguliwa yenye nyuzi zilizonyooka zinazokwenda na urefu wa ubao, bila michoro ya kupendeza, na hilo lilikuwa kusudi: ubao huo umelala kwa namna nyingine kuliko zile mbili za chini, mwanga huupiga kwa pembe tofauti, na vinia tulivu hairuhusu mtu kuanza kulinganisha.

Suala la laka ndilo lililozua mabishano, na wengi wa wenzangu hawatapenda uamuzi tuliofikia. Selulosi ina sifa moja ambayo laka za kisasa hazina, kwamba kila tabaka jipya huyeyusha kidogo lile la chini na kuungana nalo, hivyo mkwaruzo wa miaka mitano baadaye unaweza kurekebishwa pale pale bila kuvua ubao mzima. Laka ya urethane ya kuchanganya sehemu mbili hustahimili jua zaidi, hasa yenye kichujio cha miale ya urujuanimno, lakini ikipasuka haina msamaha, huvuliwa yote. Wapenda magari ya kale husema chagua moja uitumie kote. Sisi tuliweka selulosi kwenye ubao wa dereva na mlango wa kikabati, ambako vinia ya asili inahitaji kinachoweza kuondolewa na fundi wa kesho bila kuiumiza, na urethane kwenye ubao wa juu, ambako vinia ni mpya na jua ni kali. Tofauti ya mng'aro ilikuwepo. Ilipunguzwa kwa kuusugua ubao wa juu kwa msasa laini wa maji na kuung'arisha kiasi, na kwa kuwa mbao hizo hazipo kwenye uso mmoja, sijamwona mtu aliyeigundua bila kuambiwa. Niongeze kwamba urethane hiyo ina isosianeti ndani ya kigandishio chake, sumu ya mapafu isiyozuiwa na barakoa ya kitambaa, na karakana isiyo na barakoa ya kuvutiwa hewa safi isiipulize kabisa.

Selulosi nayo ilikuwa na wakati wake mgumu, kwani kazi iliangukia masika. Thina inapovukiza hupoza uso wa laka, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, unyevu huo hugeuka matone ya maji juu ya uso huo na kuacha ukungu mweupe. Tuliongeza thina ya kuchelewesha ukaukaji na kupuliza adhuhuri tu, siku zisizo na mvua. Matabaka yalikuwa membamba na mengi, yale ya mwanzo yakisuguliwa karibu yote ili laka ibaki ndani ya vinyweleo vya mbao tu, na yale ya mwisho yakiachwa yatulie majuma kadhaa kabla ya kung'arishwa. Kukimbilia hatua hiyo huleta ubao uliolainika vizuri siku ya kukabidhiwa, na vinyweleo vinavyojitokeza tena baada ya mwezi mmoja, kwa sababu laka bado ilikuwa inazama.

Kurudisha vitu mahali pake hakukuwa na mengi, ila jambo moja huwaponza watu: Mark 2 lilitoka kiwandani likiwa na betri iliyofungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya sasa, na fundi wa umeme aliyezoea ya sasa anaweza kuliunganisha kinyume bila kufikiri. Waya zilikuwa zimefungwa vibandiko vya majina kabla ya kung'olewa, pete za kromu zikarudi na kufunika zile duara za hudhurungi, na skrubu za mbao zikakazwa kwa mkono mpaka zikashika tu, kwani ubao uliobanwa mno hauna nafasi ya kutanuka na hupasuka kwenye tundu la skrubu.

Baada ya mvua za vuli zilizofuata gari lililetwa likaguliwe. Pembe ya kulia ilikuwa kavu, kona ya kikabati ilitoa mlio uleule wa ubao mzima, na kiraka kilionekana kwa anayekijua tu. Ung'avu ulikuwa umepungua kidogo juu ya tundu la spidomita, pale ambapo vidole vya dereva hupita, na tuliung'arisha papo hapo. Mbao za milango bado zina laka yake ya zamani yenye manjano, nazo sasa zinaonekana nyeusi kuliko dashibodi. Zimeachwa hivyo kwa makusudi mpaka raba za vioo vya milango zibadilishwe, kwa kuwa upande wa abiria nyuma nako maji yanaingia.